Ubao wa Baraza na Kompyuta ya Mlango Mmoja

Mie ni mhitimu wa skuli ya usiku, na nnalisema hilo kifua mbele, maana wenzangu waliosoma mchana walikuwa na jua la kuwasaidia. Somo la kompyuta nimelipatia kwenye darasa lenye mashine nne na wanafunzi wengi kama dagaa. Kila nilipogusa kibodi, watu sita walikuwa wakinipumulia shingoni. Basi ofisi moja ya mtaa wa Malindi ilipohama na kunipa kompyuta yake kuukuu, ya kijivu, nzito kama jiwe la kusagia, nilijiona nimekabidhiwa jumba zima la Forodhani na bustani yake.

Nikaiweka chini ya ngazi, karibu na dirisha linalotazama barazani. Feni yake ilinguruma mpaka mke wangu akauliza kama ndani ya nyumba tunafuga ndege ya abiria. Mie nnashikilia kuwa ilisikika hadi Mkokotoni, na watu wa kisiwani Tumbatu wakaahirisha kuvuka siku ile.

Sasa, juu ya baraza letu la kunywea kahawa, ukutani, pametundikwa ubao wa chaki. Matokeo ya mpira, nani kafiwa na maiti inatoka saa ngapi, maji yanarudi lini, mbuzi wa nani kapotea, yote utayakuta pale. Aliyekuwa akiuandika ni mzee mmoja mstaafu aliyenisomesha skuli ya usiku, na mtaa mzima ukimwita Mwalimu. Hati yake ilikuwa nzuri kiasi ambacho hata tangazo la kukatika maji lilipendeza, ukalisoma mara mbili, ukaenda zako na kiu yako umeridhika.

Mwaka huu magoti yakamshinda. Ngazi za nyumba yake zimesimama wima, mtu akizipanda anakutana na popo. Binti yake akamwambia ahamie kwake Bububu, nyumba ya chini, haina ngazi hata moja. Siku aliyotupa habari ile, barazani hata vikombe viliacha kugongana.

"Bububu si Ulaya, Mwalimu," muuza kahawa wetu akajaribu kuchangamsha. "Utakuja kila siku."

"Kwa magoti haya," Mwalimu akajibu, "Bububu na Ulaya zote nazihitajia ndege."

Tukamsihi basi ajiunge na kundi la simu, tuwe tunaonana humo. Akakataa katakata. "Nimeliona hilo kundi. Mmoja analeta picha ya maua, wa pili anauza friji, wa tatu anacheka peke yake, na salamu ya mtu haijajibiwa. Mie siishi hivyo."

Hapo ndipo kichwa changu kikawaka taa. Nilikuwa nimesoma kwamba zamani, kabla intaneti haijaenea, wapenzi wa kompyuta walikuwa wakifungua mbao za matangazo majumbani mwao. Mtu yuko kwake, anaiingia mashine ya mwenzake kwa njia ya simu, anasoma yaliyoandikwa, anaandika yake, anatoka. Na wapo mpaka leo wanaoziendesha kwa mapenzi tu, siku hizi kwa kupitia intaneti. Hakuna picha, hakuna maua. Ni kioo cheusi na herufi nyeupe. Nikamwonesha Mwalimu mfano kwenye simu yangu. Akavaa miwani, akakitazama kioo weee.

"Huu," akasema, "ni ubao."

Nikasimama mbele ya baraza zima nikaahidi kwamba kabla Mwalimu hajamaliza kufungua mizigo yake Bububu, ubao wetu utakuwa umeshasimama, na yeye hatalikosa baraza hata siku moja. Niliahidi kwa sauti kubwa. Nadhani hata waliokuwa kwenye boti ya Dar walinisikia.

Ikabaki kazi ya kuchagua mfumo endeshi. Kompyuta isiyo na mfumo endeshi ni kabati tu. Mfumo ndio unaoiamsha, ndio unaoamua nani apite na nani angoje. Na mifumo iko ya kila aina. Kosa langu lilikuwa kulitaja jambo hilo barazani, kwani kwa wiki nzima watu ambao hawajapata kugusa kibodi waligawanyika kama siku ya fainali.

Upande mmoja ulitaka Windows, kwa sababu ndiyo waliyoisikia. Nikaijaribu, na mashine yangu ya kale haikuuweza mzigo ule. Niliiwasha, nikaenda kuswali adhuhuri, nikala, nikajinyoosha kidogo, nikarudi, kiduara bado kinazunguka.

Fundi wa simu wa Darajani, rafiki yangu na mpinzani wangu katika kila jambo, alitaka Linux. "Ya bure," alisema huku akihesabu kwa vidole, "nyepesi, na inaingiza watu hata ishirini kwa pamoja."

Mie nilitaka DOS. Ndiyo niliyofundishwa, ya zamani kuliko hizo mbili, na inaamka upesi kuliko mtu aliyeng'atwa na siafu. Umeme wetu ukikatika na kurudi, mashine imeshasimama tayari kabla panka la dari halijamaliza mzunguko wake wa kwanza.

"Lakini hiyo inaingiza mtu mmoja mmoja," fundi akanionya.

"Na kinyozi wako ananyoa vichwa vingapi kwa mara moja?"

Baraza likaangua kicheko, muuza kahawa akanipa kikombe cha ushindi, na mambo yakaishia hapo. Nnakiri leo kwamba nilichagua mfumo endeshi kwa kuchekesha watu. Nikaujaribu ubao siku tatu mfululizo, nikiingia na kutoka, nikijiandikia barua na kujijibu. Ulifanya kazi vizuri ajabu. Wa kuingia nilikuwa mie peke yangu.

Mwalimu akahama. Ijumaa, baada ya alasiri, tukaufungua rasmi. Barazani watu wameshika simu zao kama wanaopiga kura, mie nipo dirishani na mashine yangu inanguruma. Tulikubaliana Mwalimu awe wa kwanza, kwa kompyuta ndogo ya binti yake, na kweli, saa kumi na moja kamili, kwenye kioo changu yakajitokeza maneno, herufi moja moja, kwa adabu:

*Asalaam aleikum, barazani.*

Nikapiga kelele, "Kaingia!" Watu wakashangilia, wengine wakapeana mikono. Kisha kila mmoja akaanza kubonyeza simu yake ili ajibu salamu. Na kila mmoja akakutana na maandishi niliyoyatunga mwenyewe, kwa fahari: *Kuna mtu ndani. Tafadhali ngoja.*

"Nani yumo ndani?" akauliza muuza kahawa.

"Mwalimu."

"Anafanya nini?"

"Anangoja tumjibu salamu."

"Basi tufungulie tumjibu."

"Hamuwezi kuingia mpaka yeye atoke."

"Basi mwambie atoke!"

"Hatoki mpaka ajibiwe."

Muuza kahawa akaliweka chini dele lake la kahawa. Fundi wa simu alinitazama tu, na mtazamo wake ulikuwa mrefu kuliko barabara ya Paje.

Mashine inamruhusu mwenyewe kuandika papo hapo, basi nikajibu mie: *Waaleikumu salaam, Mwalimu!* Akauliza ni nani. Nikamwambia. Akaandika: *Wewe ni mwenye mlango. Nimelisalimia baraza.* Nikamkumbusha kwamba kwa sheria ya dini mmoja akijibu kwa niaba ya wote yatosha. Akaandika: *Yatosha kwa wajibu. Haitoshi kwa baraza.*

Muuza kahawa akampigia simu. Ikapokewa na binti yake. "Baba anasema samahani, hawezi kupokea, yuko barazani," akasema binti, na sisi tuko barazani tunatazamana. Tulipomaliza kumweleza, akaenda, akarudi. "Ameshafunika kompyuta. Maelezo hataki. Kasema salamu yake imekaa robo saa na hakuna aliyeiokota, basi msisumbuke tena."

Sikupata kuona baraza lililojaa watu likawa tupu kiasi kile.

Jumamosi asubuhi nilikuwa Darajani kabla fundi hajafungua duka. Nilimsalimu kwa unyenyekevu wa mtu anayekwenda kuposa.

"Nipe Linux yako."

"Ati?"

"Umesikia."

"Sema tena, huku barabarani kuna magari."

Akanifanya niseme mara tatu, ya tatu mbele ya muuza ndizi. Kisha, haki ya Mungu, akafunga duka lake na kunifuata nyumbani. Adhuhuri ilipoadhiniwa, DOS ilikuwa imeshaondoka na mashine ina mfumo mpya. Ubao sasa ulikuwa na milango kumi na sita. Ilipokuja kuamka ilitoa mistari mingi ya maandishi, nikaogopa, fundi akaniambia nitulie, inajitambulisha. Ni kweli ilichelewa kuliko DOS, pengine kwa muda wa kunywa kahawa nusu kikombe. Tukaijaribu kwa simu nne zote kwa pamoja, nayo haikupepesa jicho.

Nikamwacha fundi na wenzetu barazani, simu mkononi, nikaenda Bububu mwenyewe. Nilimkuta ameketi sebuleni, redio imezimwa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umekuja kunijibu kwa miguu?"

Nikamweleza. Nilimwambia mfumo niliouchagua ulikuwa wa mlango mmoja, na yeye alikuwa amesimama mlangoni, na watu wote walikuwa nje wanasukumana.

"Wote?"

"Wote. Hata muuza kahawa na dele lake."

"Na mlikuwa mnasema nini?"

"Tulikuwa tunanitukana mie, Mwalimu."

Akalipima hilo. Niliona limempendeza kidogo. "Nitaingia mara moja," akasema mwishowe. "Nikitoa salamu na nyumba ikawa kimya, nitajua nimeshahama."

Binti yake akaleta kompyuta, akaiweka juu ya mto. Mwalimu akaandika kwa kidole kimoja, na kila herufi aliitafuta kana kwamba ni mwanafunzi mtoro. *Asalaam aleikum, barazani.* Akaondoa mkono, akaukunja juu ya goti.

Kioo kikabaki na mstari ule mmoja. Nnakwambia ile haikuwa nusu dakika, ulikuwa mwaka mzima pamoja na Ramadhani yake. Nikawaza umeme wa mjini umekatika. Nikawaza mke wangu kachomoa waya kwa ajili ya ile ngurumo. Mwalimu akaanza kuvua miwani.

*Waaleikumu salaam Mwalimu.* Huyo alikuwa fundi.

Akairudisha miwani.

*WAALEIKUMU SALAAM WARAHMATULLAHI WABARAKATUH!*

"Nani huyu ananipigia kelele?"

"Muuza kahawa. Hajui kuzima herufi kubwa."

"Afundishwe."

Kisha ukashuka mstari wa mke wangu, naye akaongeza shikamoo na malalamiko ya feni. Kisha watatu kwa mpigo, kisha mmoja aliyejibu mara mbili kwa wasiwasi, kisha jirani yetu wa ghorofani ambaye hata barazani hashuki. Mistari ikawa inapanda juu na mingine inaingia chini yake, na Mwalimu akiisoma yote kwa sauti, kila mmoja kwa jina lake, hataki kumruka mtu.

"Wamo humo wote?" akaniuliza.

"Wote."

"Kwa pamoja?"

"Kwa pamoja, Mwalimu."

Akainama tena juu ya kibodi. Kidole kikazunguka, kikashuka. *Marahaba. Nani kakaa pangu?*

Safari hii jibu halikuchelewa hata kidogo.

*HAKUNA MTU MWALIMU. KALALA PAKA.*

Mwalimu akalifikiria jambo hilo kwa uzito wake wote, na binti yake kasimama na trei ya chai mkononi. Kisha akaandika, polepole, mpaka na nukta yake:

*Mwacheni. Lakini asizoee.*