Nilivyomshinda Mzee Ogola kwa Kiingereza, Tukanyimwa Kuku

Sikwenda Rangwe kutembea. Nilikokotwa na binamu yangu Odhiambo, aliyetaka kumwoa Akinyi, kwa kuwa mimi ndiye niliyefundisha Kiingereza cha jioni mjini Migori. Miaka hiyo ya tisini, posa bila Kiingereza kizito ilionekana kama chai bila sukari. Isitoshe, babake Akinyi, Mzee Ogola, alikuwa karani mstaafu ambaye kijiji kizima kilimwita "Kamusi".

Migori, alfajiri. Tulipanda pikapu ya Bwana Salim, tajiri wa Odhiambo, tukaketi nyuma juu ya magunia ya saruji, mimi na suti yangu ya pekee.

"Omera, ndugu yangu, leo mwaga Kizungu yote," Odhiambo akaniambia. "Usibakishe."

Kufika Rongo nilikuwa nimezipanga silaha zangu: vile vitenzi vya Kiingereza vyenye mkia. Put off, put out, put up with. Ukibadilisha mkia tu, maana inaruka ua. Wanafunzi wangu walivichukia kama dawa ya minyoo.

Rangwe, adhuhuri. Harufu ya kuku ilitupokea sebuleni. Mzee Ogola akasimama, akatusalimu kwa Kiingereza kirefu kama foleni ya posta. Wajomba wakapiga makofi. Nikajibu kwa kirefu zaidi. Akarusha neno zito, nikarusha zito kuliko lake. Kisha, mpumbavu mimi, nikamwomba atutungie sentensi yenye put up with.

Mzee akafungua mdomo. Akaufunga. Nami nikatabasamu.

Kuku akapita mbele yetu, sufuria nzima, akirudi jikoni.

Mama Akinyi alitusindikiza hadi langoni. "Mmeaibisha mzee kwa boma yake," akasema. "Hiyo ng'ombe yenu mkae nayo. Msichana haendi."

Rodi, alasiri. Pikapu ilikuwa imetushusha tu ikaendelea kupeleka saruji, basi tulikuwa tukingoja gari jingine la kuturudisha nyumbani. Odhiambo alilia bila kujificha, mwanamume mzima.

"Nani alikutuma kushinda?" akanifokea. "Nilikutuma unitafutie bibi!"

Nikavuka barabara, nikasimamisha lori la kurudi Rangwe, nikampandisha na Odhiambo.

Rangwe, jioni. Nilivua koti nikaketi chini mkekani, wajomba wote wakinitazama.

"Baba, lile swali la mchana hata mimi limenishinda. Naomba unifundishe."

Mzee alinikazia macho. Alijua ninadanganya, nami nilijua kwamba anajua.

"Put up with," akaanza polepole, "ni kuvumilia. Mtu anakuja kwako na suti imejaa saruji, anakuletea madharau, na bado unaambia mama alete chakula. Umeelewa, mwalimu?"

"Nimeelewa, baba."

"Mama Akinyi, leta kuku."

Wajomba wakaangua kicheko. Akinyi, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliwashinda wote kwa kucheka.

Migori, kesho yake. Pikapu ya Bwana Salim ilitupitia, Odhiambo akaimba njia nzima, huku mimi nikijikunyata nyuma. Neno lile nilikuwa nimelifundisha muhula baada ya muhula, kwa chaki, ubaoni. Sikuwa nimewahi kujua kwamba nimevumiliwa.