Jiwe la Mrima

Mwanangu, kwa zaidi ya miaka thelathini nimekuwa nikiwaambia watu kwamba mashine ilikuwa mbovu. Nimelisema hilo kazini, nimelisema harusini, hata siku moja nililitoa kama mfano mbele ya watu walionihoji wanipe kazi. Mashine haikuwa mbovu. Kilichokuwa na kasoro kilikuwa kimejifunga leso kiunoni na kushika kalamu.

Siku yenyewe naikumbuka kwa sauti yake. Mwaka ule kiwanda cha umeme wa nyuklia kilikuwa kimeripuka mbali sana, Ulaya huko, na redio ilikuwa ikisema upepo unaisambaza mionzi yake nchi hadi nchi. Mimi na Uhuru wa nchi yetu tulikuwa karibu rika moja, na sote wawili tulijiona tumeshakua. Nilikuwa nimemaliza mwaka wa pili wa fizikia, yaani nilijua majina ya vitu vyote na sikujua tabia ya hata kimoja. Likizo ile nikapewa kibarua Msambweni, pwani ya kusini: kupima kama hewa ya kwetu imefikiwa.

Kituo chenyewe kilikuwa chumba kimoja cha mabati. Nje, pampu ilivuta hewa mchana na usiku, ikaipitisha kwenye karatasi nyeupe ya mviringo, ukubwa wa chapati ndogo. Kila asubuhi niliitoa karatasi ile kwa koleo, nikaiweka chini ya mashine ya kuhesabu mionzi, na mashine ikalia tik, kisha baada ya muda, tik nyingine. Tik za hapa na pale ni kawaida. Ardhi yenyewe haikosi mionzi kidogo.

Mtunzaji wa mashine alikuwa Fundi Bakari, mtu wa Jego, aliyejifunza umeme kwa kufungua redio za watu. Kanuni yake ilikuwa moja.

"Binti, pima patupu kwanza. Mashine bila karatasi. Ujue meza yako inasema nini kabla hujaiuliza mbingu."

"Fundi, hayo nimeyasoma."

"Kusoma umesoma. Umepima?"

Ijumaa moja nilipanda Mrima, kile kilima chenye msitu wa kaya, mahali patakatifu pa wazee. Mzee wa kaya aliyenipitisha alinionya mapema: humu hakitoki kitu, hata kijiti. Niliitikia kwa adabu zote, na wakati wa kushuka nikatia kikapuni jiwe jekundu, zito kuliko umbo lake. Nilikuwa nikitafuta kitu cha kugandamizia karatasi zangu, maana upepo wa Msambweni ulikuwa haujasikia kwamba mimi ni msomi.

Jumamosi asubuhi jiwe likakaa mezani, ubavuni mwa mashine. Nilikuwa nimechelewa, sikupima patupu. Niliweka karatasi, nikawasha.

Mashine haikulia tik. Ililia kama mchele unaomwagwa kwenye sinia la bati, na haikuacha.

Nilitoka nje. Hapo ndipo mwili uliponisisimka, kwa sababu nje hakukuwa na kitu. Mbingu ilikuwa safi baada ya mvua, kuku wakichakura, nguo za jirani zikipepea kambani. Nilizitazama nguo zile zikijaa upepo na kunywea, zikijaa na kunywea, kama vifua vya watu wasiokuwapo.

Jirani yetu, Mama Riziki, alikuwa akianua, mtoto mgongoni. "We, mbona umetoa macho hivyo?"

Nilipaswa kunyamaza. "Imefika," nikasema.

"Inaonekana?"

"Haionekani."

"Inanuka?"

"Hainuki."

"Basi tuikimbie tuelekee wapi, mwana wa chuo?"

Nikamwambia asinywe maji ya mvua.

Kufikia adhuhuri Msambweni ilikuwa ikimwaga maji: mitungi, madebe, mapipa. Habari zikafika hadi kijiji cha Bodo kabla sijatuma telegramu yangu Nairobi. Milango ikafungwa, watoto wakafichwa ndani, na katika mji mzima nikawa nasikia vitu viwili tu, maji yakitiririka njiani na pampu yetu ikivuta pumzi.

Fundi Bakari alirudi magharibi kutoka mazikoni Jego. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ulipima patupu?"

"Nilipima," nikasema.

Asubuhi iliyofuata nilikuta karatasi zangu zimetapakaa sakafuni. Jiwe halikuwapo. Niliwasha mashine, karatasi ile ile ya jana chini yake. Tik. Kimya. Tik. Juu ya meza palibaki duara la vumbi jekundu, na nikaelewa yote kwa mara moja: kilichoiliza mashine hakikutoka mbinguni, kilitoka kikapuni mwangu, ndani ya jiwe lile. Nililifuta duara lile kwa pindo la leso.

Jumatatu akaja mkubwa kutoka Nairobi. "Kulikuwa na kitu kingine chochote mezani?"

"Hakuna. Mashine ilishikwa na wazimu."

Fundi Bakari alikuwa amesimama mlangoni, bisibisi mkononi, akitazama pindo la leso yangu. Mkubwa akaandika kwamba mashine haikutunzwa vyema, na mwezi haukuisha kabla Fundi hajafutwa kazi.

Nani aliliondoa jiwe? Kuna miaka niliamini kwamba lilirudi lenyewe. Ndiyo, mimi, mwenye shahada mbili.

Basi nakuusia hivi, mwanangu. Kabla hujawaambia watu kwamba hewa yao ni mbaya, angalia umeweka nini mezani pako. Ukiambiwa kitu hakitoki mahali, kiache, hata kama aliyekuambia hana cheti cha kukuonyesha. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kwa sababu uongo wangu ulimchukulia kazi mtu aliyenifundisha kupima. Dua ya kukuombea sikuitunga mimi. Nilipewa kwa simu mwezi uliopita, baada ya Mama Riziki kuniambia kwamba Fundi yupo Samburu, ile ya kwenye barabara kuu ya Nairobi, anatengeneza redio za madereva wa malori.

"Shikamoo, Fundi. Ni mimi, binti wa Msambweni, wa ile mashine."

"Marahaba. Bado unafutia meza leso?"

Nilimwambia yote kwa pumzi moja: jiwe, patupu, uongo, kazi yake. Upande wa pili lori lilinguruma, likapita.

"Nilijua," akasema. "Nililisogeza jiwe karibu, mashine ikalia. Nikaliondoa, kimya. Nikalirudisha Mrima kwa baiskeli."

"Na mkubwa, kwa nini hukumwambia?"

"Wangekufukuza chuo. Mimi ufundi wangu umo mikononi, nani angeninyang'anya? Tena nilidhani utasema mwenyewe. Kesho yake. Au keshokutwa." Akacheka, akakohoa. "Nimekungoja sana, binti."

"Nisamehe, Fundi."

"Nimeshakusamehe. Mungu akujaalie moyo mwepesi, na uzee usio na cha kuficha. Haya, kawaambie na watoto. Na mie niache nifunge redio ya watu."