Mabega ya Murungu

Nakumbuka asubuhi moja ya masika, kijana wangu, uchungu wa uzazi uliponikuta shambani hapa Murungu, jembe mkononi. Nilikuwa binti mdogo, ndiyo kwanza nimeolewa. Mtoto alikuwa amekaa vibaya, na mkunga alisema bila kuficha kwamba nisipofikishwa hospitalini Kibondo tutakufa wote wawili.

Siku hizo kila kitongoji kilikuwa na machela yake, sisi tuliiita ingobyi. Ni kitanda cha kusukwa chenye miti miwili ya kubebea, na hakikuwa mali ya mtu mmoja. Ukelele ukipigwa, kila nyumba inatoa mwanamume, wanapokezana njia nzima. Aliyekwepa alitozwa pombe ya ndizi, na wale wale aliowakimbia ndio waliokuja kuinywa mlangoni kwake, wakimcheka.

Siku hiyo aliyekwepa ni Filibati, jirani yetu, kijana mwenye mwili kama nguzo. Eti maharage yake yataoza. Baba mkwe wangu, Mzee Ruhaga, ndiye aliyekuwa msimamizi wa machela. Aliamuru nipitishwe kando ya shamba la Filibati, nami nalia kwa maumivu, akasimama na kumwita.

"Filibati, endelea kuvuna. Ila siku utakapoanguka wewe, hayo maharage ndiyo yatakayokubeba?"

Filibati aliacha maharage pale pale, akaingia chini ya mti wa machela, na hakukubali kupokewa mpaka tukavuka mto. Spesioza wangu alizaliwa mchana ule, mzima, akipiga kelele.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo ninapoumia. Mlipopata pikipiki, wewe na wenzako, mkaanza kuicheka machela. Ushamba, mkasema. Miti yake ikaenda kujengea banda la kuku, kitanda mkakianikia maharage. Pikipiki sizichukii, mimi mwenyewe hupanda nikienda sokoni. Lakini kila mmoja ana yake, na kila mmoja ana udhuru wake.

Masika iliyopita Spesioza, mama mwenye watoto wake, alishikwa na tumbo hata kuketi hakuweza. Nilipiga ukelele mpaka sauti ikanikauka. Mlitoka, ndiyo, mkasimama uani kwangu na simu mikononi.

"Bibi, tulia, boda inakuja," mmoja wenu akaniambia.

Boda ikaja. Mtu asiyeweza kuketi akaketishwa, dereva mbele, mdogo wake Spesioza nyuma akimshikilia asianguke. Tope likawaangusha kwenye mteremko, wakainuka, likawaangusha tena. Spesioza wangu alikata roho pale mtoni, mto ule ule ambao Filibati alinivusha nikiwa naye tumboni.

Na kumrudisha nyumbani mlikuja wengi! Mlikata miti, mkafunga blanketi, mkapokezana vizuri kabisa, hakuna aliyesema ana kazi. Mabega yalikuwepo, kumbe. Yalikuwa yanasubiri afe. Nimejaribu kusamehe jambo hilo na bado sijaweza, sitakudanganya.

Basi nasaha yangu ni hii. Endesheni pikipiki zenu, na mkiweza changeni mnunue hata gari la kitongoji kizima, nitawashangilia. Lakini kiwepo chombo kimoja cha wote, na zamu ya kila nyumba ijulikane kabla mtu hajaugua. Masika barabara yetu haimjali mwenye gari wala mwenye pikipiki. Nendeni mkaitoe ile miti kwenye banda la kuku. Kitanda nitakisuka mimi, vidole vyangu bado vinafanya kazi.

Mungu awape miguu isiyoteleza, wanangu, na nyumba zenye watu wa kuitika. Na yule atakayelala wa kwanza kwenye kitanda nitakachosuka, awe mtoto wa nani awaye, Mungu amjalie avuke ule mto akiwa hai.