Mzee Aliyepita Katikati ya Picha

Niseme mapema ili mtu asije akanishangaa huko mbele: mimi na kaka yangu Nathanaeli tunagombana tangu utotoni, na tunagombana vizuri. Yeye ni mwalimu mstaafu, kafundisha shule za msingi miaka thelathini na tisa, na sasa analima korosho Mnyambe, kule Newala. Mimi ni Theodora, mama Yeremia, fundi cherehani hapa Mkomaindo, Masasi mjini. Sare za kwaya unazoziona Jumapili, nusu yake zimepita kwenye mikono hii. Lakini habari hii si yangu wala ya kaka. Ni ya binti yake, Witness, aliyekaa kwangu miaka saba akinimalizia umeme kwa kuchaji betri za kamera.

Witness anapiga picha za video. Harusi, kipaimara, mahafali, kuwaaga watumishi wanaohamishwa. Ana miaka ishirini na tisa, mwembamba, mkimya, na mbishi jamani! Akishaamua jambo, hata umwite mara kumi, atakuitikia "bee shangazi" kwa adabu zote, kisha ataendelea na lake.

Siku ya harusi ya Benjamin wa duka la dawa aliniaibisha mpaka nikatamani kuingia chini ya gari. Maharusi wametoka kanisani, matarumbeta yamepamba moto, vigelegele vimekolea, yeye kanyanyua mkono. "Bibi harusi, naomba usubiri kidogo, wingu linapita." Wingu halikupita. Tulisimama pale dakika ishirini. Wapiga matarumbeta waliishiwa pumzi, na mama mzazi wa bwana harusi akaketi kwenye ngazi na gauni nililomshonea kwa siku tatu. Watu walimsema mtoto wa watu vibaya. Jua lilipotoka akapiga picha yake, akasema "asanteni", basi. Sasa ile video ilipotoka, walewale waliomsema wakaanza kunijia mmoja mmoja dukani kwangu: "Mama Yeremia, yule binti ana nafasi tarehe kumi na nne?" Nikawajibu nafasi anayo, ila waje na viti vyao.

Kaka Nathanaeli alikuwa haitaki kabisa kazi hiyo. "Kazi gani ya kuwatazama wenzio wakila pilau kwa jicho moja?" ndivyo alivyokuwa akisema. Alitaka binti awe mwalimu kama yeye. Kila mwaka fomu za chuo cha ualimu zikitoka ananiletea moja, kana kwamba mimi ndiye niliyemficha mtoto kabatini.

Basi, mwaka juzi mwezi wa saba ilikuja kampuni ya filamu kutoka Dar es Salaam, kutengeneza tamthilia ya televisheni iitwayo Mirathi ya Mzee Mtipa. Walitaka mashamba ya korosho, na mashamba tunayo. Wiki ya pili mpiga picha wao akashikwa na malaria, akalazwa. Mwongozaji wao, kijana mmoja anaitwa Humphrey, akazunguka Masasi nzima akiuliza nani anajua kushika kamera. Akaonyeshwa video ya harusi ya Benjamin. Jioni ileile alikuwa kwenye kibaraza changu akimwomba Witness awapigie picha. Ndiyo, yeye ndiye aliyeomba! Nilimpa kiti chenye mguu mbovu ili ajue tuna shughuli zetu.

Nami nikaenda nao, wakanipa kazi ya kuwapikia. Niliwapikia ugali wa muhogo na kisamvu cha karanga, wao wakauliza chipsi ziko wapi. Tuyaache hayo.

Picha kubwa kuliko zote ilipangwa kupigwa Mnyambe, shambani kwa kaka, alfajiri kunapopambazuka. Mwigizaji wao Nuria alitakiwa apokee habari ya msiba chini ya mikorosho, alie. Witness ndiye aliyechagua shamba. Anajua jua linapochomoza linaingilia wapi, kakulia pale. Kaka aliruhusu kwa kunung'unika, kwa sharti kwamba wasimkanyagie mihogo.

Sasa, mtu wa kwetu anajua mwezi wa saba ni mwezi wa salfa, ile dawa ya unga ya manjano. Mikorosho inatoa maua, na ugonjwa wa ubwiri unga unayakausha usipopuliza. Na salfa unapuliza alfajiri, majani yakiwa na umande ili ule unga ushike, upepo ukiwa bado haujaamka. Mashine ya kupulizia ni ya kikundi, inakwenda kwa zamu. Ukiipoteza zamu yako, utaisubiri wiki mbili, na maua hayatakusubiri.

Unadhani zamu ya kaka iliangukia siku gani?

Tumeshajipanga pale, baridi ya Newala inawatafuna vijana wa Dar ndani ya kaptula zao, mara tunasikia mashine inanguruma. Kaka huyo, barakoa usoni, mashine mgongoni, vumbi la manjano linatoka kama moshi wa tanuri la matofali. Humphrey akamkimbilia, nami nikafuata. Nikose hayo?

"Mzee, shikamoo!"

"Marahaba. Ya mikono mfukoni."

Humphrey akaitoa mikono. "Mzee, tunakuomba utusimamishie mashine dakika arobaini tu."

"Ubwiri unga haujui dakika arobaini, kijana. Leo zamu yangu, kesho ya Dastani, keshokutwa ya Abdulazizi. Wewe zamu yako ipo lini?"

"Lakini tulikubaliana, mzee wangu."

"Tulikubaliana msikanyage mihogo. Kuna aliyekanyaga?"

"Hakuna, mzee."

"Basi sote tumetimiza." Akairudisha barakoa usoni, akawasha mashine.

Humphrey akarudi anataka kulia. Akawaambia watu wafungashe vitu. Witness alikuwa ameinama kwenye kamera yake akilitazama lile vumbi, namna lilivyokuwa likipanda kati ya mikorosho na jua likianza kulipenya. Akasema, "Nuria, nenda kasimame palepale. Shangazi, mshikie khanga yake." Mimi nikasema mtoto wa watu atakohoa. Akasema, "Atakohoa baadaye."

Akapiga picha ndani ya salfa! Nuria alilia kama hajawahi kulia, maana ule unga uliingia machoni. Machozi yale hayakuwa na uigizaji hata chembe. Na katikati ya kilio kaka yangu akatokea upande wa kushoto na mashine yake, akapita nyuma ya Nuria, akaendelea taratibu baina ya mikorosho mpaka vumbi likammeza. Humphrey akashika kichwa. "Kaharibu!" Witness hakuzima kamera.

Baadaye nilisikia walibishana sana. Humphrey alitaka yule mzee akatwe, Witness akakataa. Humphrey mwenyewe akachoka, mzee akabaki.

Tamthilia ikarushwa, watu wakaipenda, na mwezi wa tatu mwaka uliofuata ikaja barua: Witness kateuliwa kuwania tuzo ya upigaji picha bora katika tamthilia za televisheni. Watatu nchi nzima, na mmoja wao wa hapa kwangu Mkomaindo! Nilipiga vigelegele mpaka jirani yangu Zabibu akaja na ndoo akidhani nyumba inaungua.

Tukapanda mpaka Mnyambe kumpasha kaka. Tamthilia yenyewe alikuwa hajaiona. Televisheni hana, na husema tamthilia ni uongo uliopangwa foleni. Akaisoma barua mara mbili, miwani puani.

"Kwa hiyo huu ni mtihani," akasema.

"Ni tuzo, baba," Witness akamjibu.

"Kuna watahiniwa, kuna wasahihishaji, kuna matokeo. Ni mtihani. Vizuri. Ukifaulu, endelea na kamera yako, sitasema tena. Ukifeli, unaweka kamera chini, unakwenda chuo cha ualimu. Tumekubaliana?"

Nikamwambia kaka acha uonevu, watatu mshindi mmoja. Akaniambia darasani kwake wa kwanza alikuwa mmoja siku zote na hakuna aliyekufa. Witness akasema, "Tumekubaliana, baba." Yule mtoto hasemi neno asilolitimiza, na baba yake anamjua hivyo. Kwenye basi la kurudi Masasi alikumbatia begi la kamera, nami nikajua linamuuma, ila sikupata la kumwambia. Mimi, Theodora!

Sherehe ilikuwa Dar es Salaam, Jumapili alasiri, na ilirushwa moja kwa moja. Witness alikwenda na gauni la kitenge nililolishona mwenyewe. Kaka akateremka kutoka Newala kuja kutazama kwangu, na mkononi ana bahasha. Ndani ya bahasha fomu ya chuo, kaijaza yote yeye mwenyewe kwa wino wa bluu, mwandiko wa ubaoni, imebaki sahihi tu.

"Kaka, hata matokeo hayajatoka!"

"Mwalimu anajiandaa."

Nilimwekea chai bila sukari kwa makusudi. Akainywa yote, mtu mbaya sana.

Wakaonyesha ukumbi. Gauni langu likapita kwenye skrini nusu sekunde, nikapiga ukelele, kaka akaniambia ninyamaze. Kikafika kipengele chetu. Wakaonyesha kipande cha picha cha kila mteule. Wa kwanza maghorofa na taa, kamera inaruka angani kama tai. Wa pili gari linaungua, sijui kwa nini. Kisha wakasema, "Witness Nathanaeli," na sebule yangu yote ikageuka manjano.

Niseme ukweli, sikuwa nimeiona kwenye skrini kubwa namna ile, maana televisheni ilikuwa mpya. Nuria analia. Vumbi linapanda, jua limelipasua. Akatokea mtu kushoto, kainama kidogo kwa uzito wa mgongoni, bega moja limeshuka, mguu wa kulia anauburuta kidogo kabla ya kuunyanyua. Akapita. Akatupa kisogo, akaenda zake baina ya mikorosho.

Yule hakuwa kaka. Alikuwa baba yetu.

Baba alifariki mwaka sabini na tatu, mimi nina miaka kumi na mmoja, kaka kumi na sita. Hakuacha picha hata moja. Sura yake imenipotea, nisidanganye, nikifumba macho naona kofia tu. Lakini mwendo ule nilikuwa nikiufuata nyuma kwenda shamba kila asubuhi. Nikamgeukia kaka. Alikuwa amevua miwani, anaisugua kwa ncha ya shati, anaisugua tu.

Mtangazaji akafungua bahasha, akasoma jina. Maghorofa na taa.

Ukumbi ukashangilia. Ndipo wakamleta jaji mkuu, baba mmoja wa suti, aeleze walivyoamua. Akasema kazi ya binti kutoka kusini imewavutia mno, ule ukungu wa manjano hawajapata kuuona.

"Ukungu gani!" kaka akafoka. "Salfa hiyo!"

Ila, jaji akaendelea, ilipoteza alama kwa sababu katikati ya tukio zito kama lile anapita mzee mmoja asiyehusika na kisa, asiye na sababu yoyote ya kuwepo.

Kaka akasimama. Chai ikamwagika kwenye zulia langu.

"Mimi? Sina sababu? Shamba langu! Mikorosho yangu! Zamu yangu! Nani kamruhusu mtu huyu kusahihisha? Theodora, kuna rufaa? Wanakatia wapi rufaa?"

Miaka thelathini na tisa mtu huyu hakuwahi kumsikiliza mzazi hata mmoja aliyekuja kulalamikia matokeo. Siku ile nilimwona akitembea sebuleni kwangu huku na huku, akimtaka jaji aje aonyeshe karatasi ya majibu. Ningecheka, ila nilikuwa namfikiria mtoto.

Simu yangu ikaita. Witness. Nikaiweka sauti ya nje. Nyuma yake muziki wa watu wenye furaha.

"Shikamoo shangazi. Baba yupo hapo?"

"Nipo," kaka akasema.

"Shikamoo baba. Nimefeli. Nakuja na basi la kesho. Nitasaini hiyo fomu, kama tulivyokubaliana."

"Witness. Mwongozaji wako hakukwambia unikate?"

"Aliniambia."

"Ungenikata ungeshinda."

"Labda, baba."

"Sasa kwa nini hukunikata?"

Tukamsikia akilia, kilio chake kidogo kidogo cha tangu utotoni. "Ilikuwa picha nzuri," akasema. "Ndiyo ilikuwa nzuri kuliko zote. Nisingeweza."

Kaka akaichukua simu mkononi mwangu. Akaishika kwa mikono miwili, na bahasha ikaanguka chini ya meza. Hakuna aliyeinama kuiokota.

"Usije kesho," akasema. "Sikia. Baki huko, tafuta kazi nyingine ya kamera. Huu mtihani umesahihishwa ovyo, siutambui."

"Baba..."

"Nisikilize kwanza. Na mtu yeyote akikuuliza tena yule mzee anayepita ni nani, na ana sababu gani ya kuwepo pale, mwambie ni babu yako."