Niliulizwa Maandishi ya Tairi, Nikajifanya Najua

Kosa ni langu. Nalisema mapema usije ukasoma hadi katikati ukadhani natafuta wa kumsingizia. Shemeji yangu hana kosa, mvua haina kosa. Ni mimi na mdomo wangu!

Mimi ni fundi matairi hapa Nachingwea. Jina langu liache. Kazi hii nimeianza nikiwa kijana, na kijiweni kwangu sijawahi kukosa jibu. Huo ndio ugonjwa wangu. Nikiulizwa kitu mbele za watu lazima nijibu, nijue nisijue.

Mdogo wangu wa kike aliolewa na mwanamume wa Ruangwa, mnunuzi wa dhahabu kwa wachimbaji wadogo kule Namungo. Mtu mpole, mtaratibu, ila alikuwa na wazimu mmoja: gari la spoti. Dogo, la chini, milango miwili, likiwashwa unalisikia kifuani. Mara moja moja alikuwa akilipeleka Dar kwenye mashindano ya uwanjani. Huku kwetu alilitembelea kwa nadra, akienda harusini au akija kuwasalimia wakwe.

Siku moja alirudi kutoka Dar na seti mpya ya matairi ya mashindano. Yale ya kawaida aliyokuwa nayo yalikuwa yamekaribia kuisha. Akanishushia ile seti mpya pale kijiweni, akaniuliza.

"Kaka, haya naweza kutembelea na huku barabarani, au niyaweke ya mashindano tu, nitafute mengine?"

Nikayaangalia. Jamani, sikuwahi kuyaona maishani! Mapana, meusi tii, juu karibu yako laini kabisa, kashata za kushika njia hamna, ni vimistari viwili vitatu tu. Dereva mmoja mzee wa malori aliyekuwa anasubiri kuzibiwa pancha akasema, "Mbona kama vipara hivyo?"

Watu wakacheka. Nikaona ninacholiwa ni heshima yangu.

"Mzee, haya ni mambo ya kisasa, yaache," nikamwambia. Nikabonyeza tairi kwa kidole gumba. Jua lilikuwa kali, mpira ulikuwa laini, unanata kama ulimbo. "Umeona? Haya yanaing'ata barabara kuliko tairi lolote ulilowahi kufunga."

Shemeji akachuchumaa, akanionyesha maandishi ya Kiingereza pembeni ya tairi. "Na hapa wanasemaje?"

Mimi niliishia darasa la saba, na hata hilo la saba ni la kusukumana. Yeye vilevile. Alikuwa ananiuliza kwa kuniamini. Nikainama, nikapangusa vumbi, nikapitisha macho pale kama mtu anayesoma.

"Alama ya kiwanda hiyo. Wanasema ni ya spidi kubwa. Sasa kama yanahimili spidi kubwa, huku kwetu kwa sitini yatashindwa nini?"

Vijana wa bodaboda wakapiga makofi. "Fundi kamaliza!" Nikajisikia vizuri sana. Nikayafunga yote manne siku hiyo hiyo, nikajaza upepo, nikampiga shemeji begani.

Kiangazi chote hayakusumbua. Kila akija ananisifia.

Mvua zilipoanza, asubuhi moja ya Jumamosi alikuja kumchukua binti yao, nimwite Zuhura, aliyekuwa amelala kwangu. Mtoto alikuwa ndiyo kwanza amemaliza darasa la saba, na baba yake alikuwa anampeleka Mbekenyera kwa bibi yake mzaa baba. Manyunyu yalikuwa yanaanguka. Niliwapungia mkono. Sikuwaza chochote.

Simu ilipopigwa kwamba wamepata ajali njiani, nilichukua bodaboda. Nililikuta gari limeacha barabara kwenye kona ya mteremko, limegonga mkorosho upande wa abiria. Zuhura walikuwa wameshamkimbiza hospitali. Shemeji amesimama kwenye mvua anarudia neno moja.

"Lilinitoka tu, kaka. Sikuwa nakimbia. Lilinitoka tu."

Nikachuchumaa, nikashika tairi la nyuma. Lilikuwa baridi, gumu, maji yanateleza juu yake kama kwenye sahani. Ule ulimbo haukuwepo. Pale pale nikajua, bila kuambiwa na mtu. Matairi yale yanataka joto na lami kavu ndipo yashike, na mimi nilikuwa nimemwambia atembelee.

Nikasimama. Nikamwambia twende hospitali.

Mtoto alivunjika paja na goti. Alipona, lakini mguu mmoja ukabaki mfupi. Alikuwa mchezaji wa netiboli, tena wa kutegemewa shuleni kwao. Sasa anatembea na fimbo.

Familia ikaitisha kikao. Sisi huku mjomba ndiye mwenye neno kwa watoto wa dada yake, tunamwita anjomba, na hasikilizwi nusu nusu. Kwa hiyo nilikalishwa mbele. Mimi!

Mdogo wangu alikuwa analia. "Amemlemaza mwanangu kwa mbio zake. Mara ngapi nilimwambia auze lile gari?"

Shemeji akasema hakuwa anakimbia, hata sitini haikufika. Hakuna aliyemwamini. Mtu wa mashindano atasemaje kwamba alikuwa anakwenda taratibu? Ndipo akanigeukia, na macho yake sijayasahau.

"Kaka, wewe ndiye uliyenifungia yale matairi. Waambie basi. Gari linaweza kuteleza lenyewe?"

Chumba kizima kikaniangalia. Lilikuwa ni suala la kufungua mdomo tu. Ningesema matairi yale hayakufaa na mimi ndiye niliyemwambia yanafaa, ndoa ya mdogo wangu ingepona.

"Matairi yalikuwa mapya," nikasema.

Ni kweli, yalikuwa mapya. Uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kusema ulikuwa wa kweli.

"Basi alikuwa anakimbiza," mama yetu akasema. "Wewe ndiye anjomba wake Zuhura. Toa neno."

Nikasema mtoto abaki kwetu. Mdogo wangu akadai talaka, akapewa. Shemeji hakubishana tena. Aliondoka kainamisha kichwa kama mwizi.

Tangu siku ile nimekufa ganzi. Wengine wangelia, mimi silii. Nakula, chakula hakina ladha. Nafungua tairi, naziba pancha, najaza upepo, jioni nafunga banda. Watu wananiona mzima. Hata ninavyoandika hapa mkono hautetemeki, na hilo ndilo linanitisha.

Shemeji huja kila mwisho wa mwezi na madaftari na sare za Zuhura. Kwa mama, wanakokaa Zuhura na mdogo wangu, haingii, anaona haya. Anaviacha kwangu bandani. "Asante kaka kwa kunilelea mwanangu," ananiambia, na ananipa mkono wake, na mimi naupokea. Mungu wangu, naupokea!

Matairi mawili ya lile gari yalibaki salama. Niliyafungua, nikayaegemeza nyuma ya banda. Kuyauza siwezi, kuyatupa siwezi.

Mwezi uliopita Zuhura alitoka shule akapita kwangu kupumzisha mguu. Yuko kidato cha pili sasa, Kiingereza kinampanda. Akakaa kwenye ndoo karibu na yale matairi, akaanza kusoma pembeni kwa sauti, kisha akatafsiri kana kwamba yuko mbele ya mwalimu.

"Anjomba, hapa wameandika ni ya mashindano tu. Si ya kutumia barabarani." Akainua macho. "Sasa baba aliyafunga kwa nini?"

Alikuwa ananiangalia. Nilikuwa na jibu. Safari hii nilikuwa nalijua kabisa, neno kwa neno.

"Sijui," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, akaokota fimbo yake, akaenda nyumbani. Usiku huo alimwambia mama yake kwamba baba alijua yale matairi ni ya hatari na akayafunga hivyo hivyo, kwa kuwa onyo limeandikwa pale pale pembeni. Sasa mtoto naye hataki kumwona baba yake. Mwisho wa mwezi huu shemeji alikuja na madaftari, nikatuma Zuhura aitwe, akakataa kutoka ndani kwa mama.

Mafundi wenzangu, nisikilizeni. Mteja akikuonyesha maandishi usiyoyajua, mwambie hujui, hata kijiwe kizima kikucheke. Kicheko kinaisha kabla hujafungua nati ya pili. Na wewe uliyekwisha kudanganya, nenda kaseme leo, wakati bado kuna mmoja anayemwamini yule uliyemsingizia. Mimi nimechelewa, na bado sijaenda.