Makaa Yasiyotoa Moshi

Juzi jioni, hapa Kakiika, mjini Mbarara, baridi ya mwezi wa saba ilikuwa imetushika kweli kweli, ile inayoshuka na ukungu mpaka mtu mzima unavaa soksi mbili bila aibu. Jirani yangu mpangaji, mke wa mwanajeshi, alikuwa akichoma nyama kwenye sigiri nje ya mlango wake. Harufu ilivuka ua ikanifikia jikoni, nikameza mate. Kisha manyunyu yakaanza. Nikamwona kupitia dirishani akiwaita watoto wake wawili, akainua sigiri nzima na makaa yake mekundu, akaingia nayo ndani na kufunga mlango.

Mwenzangu! Umri nilio nao, mama wa watu, nikaogopa kama nilivyoogopa utotoni, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale.

Sisi tulitoka Uvira, Kongo, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, kwenye joto la kulala milango wazi. Baridi tulikutana nayo ukimbizini. Asubuhi za kipupwe upepo ulipanda kutoka ziwani Nakivale ukapenya kila tundu la nyumba yetu ya udongo na turubai, na bibi yangu, ambaye wote tulimwita Koko, aliichukia baridi ile kama adui aliyetufuata njiani. Aliziba matundu kwa matambara, akaziba na ya juu, karibu na paa. Nyumba ikabaki na mlango tu.

Kazi ya Koko ilikuwa kukausha samaki kwa moshi. Alikuwa na pipa lililokatwa katikati, wavu wa chuma juu yake, na kipande cha bati cha kufunikia. Kambale waliopasuliwa na kutiwa chumvi walilala humo kutwa, mafuta yakidondoka na kulia juu ya moto. Wakati wa baridi kazi iliongezeka maradufu, maana kuni zilikuwa na unyevu na moshi haukutaka kupanda. Ulitambaa chini ukatuingia machoni. Mikono yangu iliganda nikigeuza samaki, uso ukiungua. Lakini mkia uliokauka sana, usiofaa kuuzwa, ulikuwa wetu watoto, na mpaka leo sijala kitu kitamu kuliko mkia ule.

Koko aliujua moshi. Kwa kuunusa tu alijua samaki wameiva au wanadanganya. Na hapo ndipo tulipokaribia kupotea, kwa sababu kwake hatari ya moto ilikuwa moshi, basi. Kule kwetu nani angeingiza moto chumbani na joto lile?

Jioni moja mama alikuwa amepeleka samaki Mbarara na angelala huko. Mdogo wangu wa kiume, aliyekuwa bado anajifunza kusema, alitetemeka mpaka meno yakagongana. Koko akachota makaa kutoka kwenye pipa, akayaweka kwenye mbabula, lile jiko letu dogo la makaa, akasubiri nje mpaka moshi wote ukaisha. Kisha akaliingiza ndani.

"Moshi ilisha," alisema. "Sasa haiwezi kufanya mutu kitu. Mulale karibu, mupate joto. Mimi niko naangalia samaki."

Akafunga mlango ili baridi isiingie.

Mwanzoni ilikuwa raha, nisikufiche. Mdogo wangu aliacha kutetemeka, akalala kifuani kwangu. Kisha kichwa kikaanza kunigonga. Nikataka kuamka, miguu ikakataa. Nilimsikia Koko akikohoa nje, hatua chache tu, nikataka kumwita, na mdomo haukufunguka. Mdogo wangu alikuwa mzito na mlegevu mikononi mwangu. Nilijua kuna kitu kinatuua na sikukiona. Hofu ile sina jina lake.

Sasa, katika safu yetu ya nyumba, kiberiti kilikuwa kitu cha kubania. Jioni watu waliombana moto. Jirani yetu Mrundi hakukosa hata siku moja. Alikuja na kigae chake cha chungu kuchukua kaa kwa Koko. Jioni ile pia alikuja, na Koko akamwambia makaa mazuri yako ndani, aingie achukue.

Nilisikia mlango, kisha baridi, kisha kigae kikipasuka chini.

"Mama weee! Hawa batoto banakufa! Tuwatoe inje!"

Walitulaza kwenye majani yenye umande. Mimi nilitapika. Mdogo wangu hakufanya chochote. Koko alimpepea kwa kanga, akamwita kwa jina, akamwita tena, sauti ikimkatika, na mimi nikatazama midomo ya yule mtoto nikimwomba Mungu kwa maneno yote niliyoyajua. Alipolia, Koko alikaa chini kwenye matope akalia naye. Samaki wote waliungua na hakuna aliyewajali.

Tangu hapo, kila tulipolala, Koko alipitisha kiganja chake puani mwetu asikie kama tunapumua. Kilinuka kambale na chumvi. Ameshatutoka, na mdogo wangu ni mwanaume mwenye ndevu, ananunua na kuuza maziwa huko Bwizibwera na hakumbuki lolote. Ninakumbuka mimi kwa niaba yake.

Hapa mjini kila mtu ana gesi yake na geti lake. Hakuna anayekuja kuomba moto.

Juzi nilichukua kifuniko cha sufuria, nikavuka ua kwenye manyunyu, nikagonga mpaka akafungua.

"Naomba kaa la moto," nikasema.

Alicheka. "Anti, wewe si uko na gasi?"

"Imeisha," nikamdanganya, nikaweka mguu wangu kizingitini ili mlango usifungike. Nyuma yake watoto walikuwa wamejikunyata karibu na sigiri, macho yameanza kulegea. Nikaingia, nikainama, nikapitisha kiganja puani mwao.