Jimbo la Kwao

Shemeji yake Ntwali hulamba kidole gumba kabla ya kufunua ukurasa wowote, hata wa kitabu cha nyimbo kanisani, na viganja vyake vimejaa makovu ya visu vya kiwanda cha nyama. Amekuja Minnesota kutembea siku mbili tu kutoka Iowa anakoishi, na tayari yumo katika duka la bunduki Bloomington, ananunua ya kuwindia kulungu. Muuzaji akamuuliza jimbo la kwao.

“Iowa,” akajibu bila kupepesa macho, akalamba kidole, akafunua fomu. “Na wewe, shemeji, huchukui?”

Ntwali, anayekaa New Hope, hapohapo Minnesota, mwaka wa tisa sasa, alijifanya anatazama buti. Alimwonea wivu. Mwezi uliopita alirudishwa mikono mitupu kwenye kaunta hiyohiyo, kwa kuwa penye swali hilohilo aliandika Sud-Kivu, jimbo alikozaliwa kule Kongo, badala ya Minnesota.